Barua ya wazi kwa Mkuu wa Elimu ya Juu wa Ohio: Nisomewe kwanza, ndipo nitie sahihi

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Elimu ya Juu ya Jimbo la Ohio,

Salamu nyingi kutoka Dayton.

Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua utahitaji mtu wa kukusomea. Ndivyo nami nilivyoipokea barua ya shule kuhusu mpango wa College Credit Plus: kurasa kadhaa za Kiingereza, na msomaji wangu akiwa binti yangu wa miaka 16, ambaye ndiye habari zenyewe zilimhusu.

Mpango huu nausifu kwa moyo wote. Tangu mwaka wa masomo wa 2015–2016, mtoto wa Ohio aliye kati ya darasa la 7 na la 12 anaweza kusoma masomo ya chuo akiwa bado shuleni, na somo moja likahesabiwa pande zote mbili. Katika chuo cha umma familia hailipi karo wala vitabu. Kwa mwaka mtoto anaweza kufikisha hadi krediti 30 (vipimo ambavyo chuo hutumia kuhesabu masomo), na shahada ya kwanza kwa kawaida inataka krediti 120. Mpigie hesabu hiyo mzazi anayefunga maboksi ghalani usiku kucha, utaona anavyokaa sawa kwenye kiti.

Lakini mimi hakuna aliyenipigia hesabu hiyo. Sisi ni watu wa Fizi, Kivu Kusini, tuliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania. Kambini watoto wetu walifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, na mlango wa chuo ulikuwa mmoja tu: upite mtihani wa Serikali, uishike diploma mkononi, ndipo uanze kuota. Kwa hiyo binti aliponiambia, “Baba, hii ni karatasi ya kusoma chuo,” nilimjibu atulie, amalize sekondari kwanza. Nilidhani ni tangazo la watu wanaotafuta wateja.

Akaendelea kusoma mpaka kwenye mstari unaosema kwamba mwanafunzi akifeli, shule inaweza kuidai familia fedha za somo hilo. Hapo nikamsimamisha. Mheshimiwa, mkimbizi huingia nchi hii na deni la tiketi ya ndege, na tulikuwa bado tunalilipa kidogo kidogo kila mwezi. Sikutaka deni la pili. Nikaikunja karatasi, nikaiweka juu ya friji, na tarehe 1 Aprili, siku ya mwisho ya kuiarifu shule kwamba mtoto atashiriki, ikapita.

Mwezi wa tano, tukitoka kanisani, jirani yetu Mrundi akaniambia mwanawe ana krediti 12 tayari na hajalipa hata senti. Nilifika nyumbani nikaishusha ile karatasi, nikamwomba binti anisomee upya. Akasema, “Baba, imeshapita.” Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimefikiri sana juu ya kazi tuliyombebesha mtoto yule. Alikuwa mkalimani na mwombaji kwa wakati mmoja. Angetaka, angeruka ule mstari wa kudaiwa, akaniambia tu, “Weka sahihi hapa, ni ya shule.” Wako wanaofanya hivyo, na siwalaumu, ni watoto wenye hamu ya kusonga mbele. Ila mzazi huyo ametia sahihi gizani. Kati ya fomu hizo kuna moja inayosema kwamba somo la chuo linaweza kugusa mambo ya watu wazima na halitabadilishwa kwa sababu mwanafunzi ni mdogo. Hilo ni jambo la mzazi kukaa na mtoto wake na kuzungumza. Tena alama ya chuo haifutiki shule ikiisha. Kijana mmoja wa kwetu alichukua masomo matatu kwa mpigo, hana gari, basi linachelewa, akafeli mawili, na mama yake hakuwa amejua kwamba alama hizo zitahesabiwa siku atakapoomba msaada wa fedha wa serikali kuu.

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliwapa haki watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakikalishwa darasani bila msaada wa lugha. Ilisema kuwapa wote vitabu vilevile na walimu walewale hakuleti usawa kama mtoto haelewi Kiingereza. Kwangu mimi, mkutano wa wazazi usioeleweka na mzazi ni kitu kilekile.

Ninachoomba ni kidogo. Sheria tayari inazitaka shule ziwaarifu wazazi na kufanya mkutano wa maelezo kabla ya tarehe ya mwisho. Idara yako itoe maelezo hayo kwa Kiswahili mara moja, shule zote ziyatumie. Na tafadhali yawe pia ya sauti, maana mama wengi wa kwetu hawakupata kusoma kwa lugha yoyote, lakini kila mmoja ana simu na anasikiliza ujumbe wa WhatsApp akipika. Mkutanoni awepo mkalimani mtu mzima, hata kwa simu. Mambo matatu yasemwe kwanza kabla ya mengine yote: nani analipa, akifeli inakuwaje, na mwisho ni tarehe gani.

Binti yangu alijiandikisha mwaka uliofuata. Anasoma hesabu za chuo, na jioni hukaa mezani na vitabu ambavyo sikununua. Mdogo wake ataingia darasa la 9 mwaka huu. Karatasi yake ikija, nataka niwe mimi wa kumweleza yeye.

Wako kwa heshima,
Mzazi kutoka Fizi, mkazi wa Dayton, Ohio