Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Waongoza Wageni wa Mji Mkongwe, Mwaka 2023

Ndugu wanachama,

Assalaam aleykum, na kwa wenzetu wasiokuwa Waislamu nawaamkia kwa heshima ile ile. Kabla sijasimama hapa nimehesabu waliokaa. Tuko 34. Akidi yetu ni 32, kwa hiyo leo mkutano ni halali kwa ziada ya watu wawili tu. Nawashukuru mliokuja, hasa mzee wetu aliyetoka Malindi kwa mkongojo wakati vijana wenye miguu mizima wametuma udhuru kwa simu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Msimu wa kaskazi ulikuwa mzuri. Ramadhani iliingia mwezi wa Machi, masika yakafuata, kazi ikalala hadi Juni kama ilivyo ada. Tulipata mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku mbili. Darasa la Kitaliano lilianza na watu 14 na likamalizika na watu watano. Tumepokea wanachama wapya saba, tumezikana kwenye misiba miwili, na tumegawa fulana na vitambulisho. Njia yetu haikubadilika: tunaanzia Forodhani, tunapita Ngome Kongwe, Beit el Ajaib (Jumba la Maajabu), Makumbusho ya Kasri na Zahanati ya Zamani, tunaingia Kiponda, tunakwenda Hamamni na Darajani, tunamalizia Mkunazini. Beit el Ajaib tunaendelea kuieleza tukiwa nje ya uzio, kama tunavyofanya tangu sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Naomba tuendelee kuwakumbuka mafundi wawili waliofariki siku ile kila tunaposimama pale. Si kila mwanachama anayewataja, na mimi nasikia.

Sasa nije kwenye jambo lililowafanya baadhi yenu msinipe mkono tangu Julai, nalo ni maelezo mapya tunayowapa wageni kuhusu historia ya mji.

Nianze na lililonikuta, maana watu wanalisimulia bila ya kuwepo. Mwezi wa Februari nilishuka Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, kwenye vile vyumba vya chini, nikafuatana na kundi la mwanachama mwenzetu mmoja. Simtaji. Mnavijua vile vyumba: dari limeinama mpaka mtu mrefu anapinda shingo, kuna vizimba vya mawe kushoto na kulia, mfereji katikati, na mwanga unaingia kwa upenyo mwembamba kama mkono. Mwenzetu akasema kwa sauti ya huzuni kwamba watu 75 walilazwa humu wakingoja kuuzwa. Mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, akauliza kwa adabu kabisa: jengo hili la juu yetu lilijengwa mwaka gani? Mwenzetu akanyamaza. Akaangalia chini, akaniangalia mimi. Yule mama hakumfedhehesha, alisema tu: "Soko lilifungwa 1873, na hili ni jengo la wamisheni. Wamisheni walikuja kwenye kiwanja hiki baada ya soko kufungwa." Tukapanda ngazi watu wote kimya.

Usiku ule sikulala. Miaka 19 nimetembeza wageni katika mji huu, na maneno yale yale nimeyasema mimi mwenyewe mara zisizo idadi. Nilianza kusoma, nikawauliza wazee, nikawaendea watu wawili wanaofundisha historia. Wakaniambia kwamba wapo wanahistoria wanaokitilia shaka sana kisa cha vyumba vile, kwa sababu hiyo hiyo aliyoisema yule mama. Kamati ikakaa vikao vitatu. Tukaandika maelezo mapya ya kurasa 11, na nusu ya gharama ya kuyachapisha nimeitoa mfukoni mwangu. Hili sikulisema kabla. Nalisema leo kwa kuwa nimeambiwa nimekula pesa ya uchapaji.

Maelezo yanataka nini? Hayamzuii mtu kuingia vyumbani. Yanataka tuwaambie wageni kwamba jengo limejengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, kwamba kuna simulizi kuhusu vyumba hivi, na kwamba simulizi hiyo ina wanaoipinga. Basi. Mgeni ni mtu mzima, ataamua mwenyewe.

Nimeshutumiwa kwamba nafuta historia ya utumwa ili kuwafurahisha wajukuu wa waliokuwa na watumwa. Shutuma hii imeniumiza kuliko zote. Bibi mzaa bibi yangu aliletwa hapa kutoka bara, na nyumbani kwetu tuliambiwa alikuwa Mnyasa. Jina alilopewa na mama yake halijulikani na yeyote katika ukoo wetu. Mtu kama mimi ndiye wa kufuta? Ninachokataa ni kumlilia kwa maneno ambayo mgeni yeyote aliyesoma anaweza kuyaangusha kwa swali moja. Likianguka hilo moja, ataamini nini katika mengine?

Na mengine ni ya kweli tupu, na yanatosha kumtoa mtu machozi. Soko lilikuwepo Mkunazini, hilo halina ubishi. Sultani Sayyid Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa kubanwa na Waingereza. Kanisa likajengwa juu ya kiwanja kile kile chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, ambaye amezikwa nyuma ya altari. Ule msalaba wa mti umetokana na mti wa Chitambo (sasa Zambia), mahali ulipozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Simama pale dakika mbili bila ya kusema kitu, uone wageni wanavyokuwa. Halafu waambie jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulisemi: kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja mwaka 1897 tu. Miaka 24 nzima baada ya soko kufungwa mtu aliendelea kuwa mali ya mtu. Sisi tulikuwa tunawaambia wageni "1873, ikaisha", tukawapeleka kunywa maji ya dafu.

Jambo la pili katika maelezo ni milango. Tumeacha kusema kwamba mnyororo uliochongwa kwenye fremu ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Nimemwomba kila anayeshikilia hilo aniletee hati au mzee mmoja aliyeliona kwa macho. Hakuna aliyeleta. Nyumba zile zina wenyewe, wamekaa barazani wanatusikia tukiwaita wajukuu wa wauza watu mbele ya wageni 20, na hawawezi kutujibu kwa Kiingereza. Mlango una mengi ya kusimulia bila ya hilo: vichwa vya misumari ya shaba vilivyotoka kwenye desturi ya Bara Hindi, milango ya Kigujarati yenye visanduku vidogo vidogo, tao la juu, yungiyungi, samaki, maandishi ya Qur'ani kwenye milango ya Beit el Ajaib. Mtu akijua hayo hakosi la kusema robo saa.

La tatu ni vita vya Waingereza na Sayyid Khalid, aliyejitangaza sultani, vya tarehe 27 Agosti 1896. Hapa nilipingwa zaidi, maana ndipo wageni wanapocheka. "Vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38," wageni wanacheka, na sisi tunacheka nao. Ndugu zangu, ndani ya dakika hizo takriban watu 500 wa upande wa Sayyid Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Wale 500 walikuwa watu wa mji huu, na wajukuu wao wamo humu ukumbini. Maelezo mapya hayakatazi kutaja dakika. Yanataka zitajwe pamoja na watu. Mwanachama mmoja aliniambia nimeiua hadithi yake bora. Naheshimu hisia zake, lakini kwa hili sirudi nyuma.

Inasemwa kwamba bahashishi zimeshuka. Nimeomba takwimu, nikaletewa na watu wawili, na wote wawili walilinganisha Februari na Oktoba, miezi ambayo haijawahi kulingana. Bahashishi yangu mimi haikushuka. Nina barua tatu za wageni wanaoshukuru kuambiwa ukweli, na ziko ofisini kwa anayetaka kuzisoma.

Inasemwa pia kwamba kamati iliamua bila ya wanachama. Hili nalijibu kwa tarehe. Mkutano wa kujadili maelezo uliitishwa Jumapili ya 16 Julai. Tangazo lilikwenda kwenye kundi la wasapu wiki mbili kabla, katibu akapiga simu, mimi mwenyewe nikapita Darajani na Forodhani nikawaambia watu ana kwa ana. Waliofika walikuwa 18. Tukangoja saa nzima. Nikamtuma kijana, akarudi akasema wanachama tisa wako Jozi Kona wanakunywa kahawa na kubishana mambo ya siasa, mwendo wa dakika nne kutoka tulipokuwa. Katiba yetu inasema akidi isipotimia mara mbili, kamati itaamua jambo la dharura. Mara ya pili walifika 15. Kamati ikaamua. Waliokuwa kwenye kahawa siku zile mbili nawaomba wapime wenyewe kama wana haki ya kuniita dikteta.

Nikiri moja: maelezo yalianza kutumika siku tano tu baada ya kugawiwa. Hapo tuliharakisha, na wanaosema walistahili muda zaidi wa kuyasoma wana haki. Mengine yote nasimama nayo.

Kuhusu fedha. Tuko wanachama 64. Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka, pungufu ya bahashishi ya asubuhi moja nzuri ya Agosti. Waliolipa yote ni 23, waliolipa nusunusu ni 19, na wanachama 22 hawakulipa hata senti. Tulitarajia shilingi 3,840,000, ikaingia 1,990,000, kiingilio cha wapya 70,000, na bakaa ya mwaka uliotangulia 412,000, jumla 2,472,000. Matumizi: kodi ya ofisi 720,000, fulana na vitambulisho 640,000, mafunzo 380,000, rambirambi 300,000, nusu ya uchapaji 145,000, chai na mengineyo 118,000, jumla 2,303,000. Tumebaki na 169,000. Pesa hiyo hailipi kodi ya miezi mitatu.

Miongoni mwa 22 wasiolipa kuna walioomba barua ya chama ya kuwatambulisha, na tumewapa. Kuna aliyefiwa, na tukampelekea rambirambi, kwa kuwa msiba hausubiri ada. Lakini kila siku mnalalamika kwamba mapapasi, yaani waongozaji wasio na kibali, wanatuchukulia wageni pale bandarini. Papasi halipi ada, havai kitambulisho, anasema analotaka. Mwanachama asiyelipa, anayevua kitambulisho akifika Shangani na kusimulia uongo wa zamani kwa kuwa unaleta bahashishi, anieleze ametofautiana na papasi wapi?

Jambo moja la nidhamu. Mwezi wa Septemba jeneza lilitoka msikitini likaingia kichochoro cha Kiponda, na upande wa pili kulikuwa na kundi letu la wageni 26. Pale mnapajua, mabega mawili hayapishani. Wachukuzi wa jeneza walisimama. Wageni hawakujua wafanye nini, mmoja akanyanyua kamera, na mwongozaji wetu alikuwa mbele kabisa akieleza dirisha. Vijana wa mtaa walikasirika, na wana haki. Nilikwenda kuomba radhi kwa wafiwa mimi mwenyewe, nikakaa nao hadi isha. Kuanzia sasa kundi likizidi watu 15 ligawanywe, na kila kundi liwe na mtu wa nyuma. Jeneza likitokea, wageni waingizwe barazani, kamera chini, kimya, mpaka lipite.

Kuhusu mwaka ujao, Inshaallah tunatarajia kuandaa kijitabu cha Kiswahili cha njia yetu, na kuwatembeza watoto wa skuli bila malipo angalau mara kadhaa kwa mwaka. Watoto wengi wa Ng'ambo hawajawahi kuingia Kasri wala kuambiwa kwa nini vyumba vya nyumba za mji huu ni vyembamba. Ukimwonyesha mtoto boriti ya mkoko, ukamwambia upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, anainua macho na kuanza kuzihesabu. Tunatarajia pia kuzungumza na mamlaka husika kuhusu kivuli na vyoo kwenye vituo vyetu. Mazungumzo yalikuwepo, hayajafika mbali.

Uchaguzi ni mwezi wa Machi. Nitagombea tena. Anayetaka kuyarudisha maelezo ya zamani agombee na aseme hivyo wazi mbele ya wanachama. Daftari la ada liko kwa mhazini pale mlangoni, na atabaki mpaka saa kumi na moja jioni.

Naomba kuwasilisha.