Agatha, usiende Jumamosi kabla hujasoma hii

Mpendwa Agatha,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, mvua zimeanza vizuri, mahindi ya bondeni yamesimama. Mama Anita anakusalimu na anauliza kama kile kitenge kilifika. Habari za Koleta nitakupa chini, maana ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi na siwezi kuanza na mengine.

Unasema tangu Kwaresima husikii chochote ukisali. Rozari inaisha hujui ulitaja fumbo gani. Ukikaa mbele ya Ekaristi ni kama hakuna mtu. Na yule dada wa kikundi chenu amekuambia kuna roho imekufunga kutoka upande wa ukoo wa baba, ufunge kavu siku tatu, Jumamosi uende ukafunguliwe. Halafu akaongeza kwamba sala ya kimya tuliyofundishwa kwenye mafungo ndiyo iliyofungua mlango, kwamba mambo ya taamuli (kukaa kimya na kumtazama Mungu kwa upendo) na mistiki (kumwonja Mungu kwa ndani, zaidi ya maneno) si ya Kikristo, yametoka kwa Wahindu.

Hilo la mwisho limenichoma, Agatha. Naomba usiende kwanza. Sisemi shetani hayupo. Kanisa halisemi hivyo na mimi siwezi kusema hivyo. Lakini amekupa dawa bila kukuuliza unaumwa wapi. Na kama kweli anadhani umepagawa, Kanisa lina utaratibu wake: kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inasema hakuna anayeruhusiwa kumpunga mtu pepo bila kibali maalumu cha askofu, na kibali hicho anapewa padre tu. Yeye kibali hicho amekipata wapi?

Wewe si wa kwanza kuambiwa hivyo. Unamkumbuka Teresa wa Avila, yule ambaye masista walitundika picha yake pale ukumbi wa kulia chakula? Sisi tulikuwa tunaiona tu sura. Siku hizi nasoma habari zake kila jioni na nimeshangaa. Alizaliwa mwaka 1515 huko Hispania, akaingia utawa wa Karmeli mwaka 1535, na kwa miaka mingi sala ilikuwa mzigo kwake. Ameandika mwenyewe kwamba kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya Komunyo. Anasema kuna vipindi alikuwa anasikilizia saa igonge ili muda wa sala uishe. Huyo ndiye Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake Kanisa linayathamini kwa namna ya pekee! Paulo VI alimtangaza mwaka 1970, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho.

Baadaye mambo yalipobadilika na akaanza kupata njozi, washauri wake wakamwambia ni shetani. Walikuwa na hofu yao: mwaka 1546 mtawa mmoja wa Córdoba, Magdalena de la Cruz, ambaye watu wakubwa walimheshimu kama mtakatifu hai, alihukumiwa baada ya kukiri kwamba maajabu yake yalikuwa udanganyifu na mapatano na shetani. Kwa hiyo Teresa aliamriwa kwamba kila akimwona Bwana katika njozi amwonyeshe ishara ya dharau kwa vidole. Akatii, huku akilia. Mpaka alipokuja Petro wa Alcántara, mzee wa Kifransisko aliyekuwa na mang'amuzi ya sala, ndipo akapata mtu wa kumwelewa. Ona tofauti ilikuwa wapi: alihitaji mtu aliyeipita njia hiyo mwenyewe.

Ila tusikwame kwenye njozi, maana wewe huna njozi. Una ukavu. Na kwa ukavu mtu wako ni Yohane wa Msalaba, mtawa Mkarmeli wa Hispania aliyefanya kazi pamoja na Teresa.

Desemba 1577 ndugu zake wenyewe wa Karmeli, waliopinga mageuzi aliyoyafanya pamoja na Teresa, walimkamata wakamfungia Toledo kwenye kichumba kidogo chenye upenyo wa mwanga juu ukutani. Walimpiga viboko mbele ya jumuiya. Alikaa humo karibu miezi tisa, na humo ndani akatunga mashairi ya mapendo ambayo Wahispania wanayasoma hadi leo. Agosti 1578 alitoroka usiku kwa kamba ya vipande vya blanketi. Mtu wa namna hiyo akiniambia habari za usiku wa roho, yaani kipindi ambacho mtu anasali bila kuhisi chochote, mimi namsikiliza.

Naye anauliza swali ambalo dada wa kikundi hakukuuliza: utajuaje kama ukavu huu ni Mungu anayekupeleka mbele, au ni uvuguvugu wako, au ni ugonjwa tu? Anataja dalili tatu, na anataka zote zionekane pamoja. Ya kwanza, huoni utamu katika mambo ya Mungu, lakini huoni pia katika kitu kingine chochote. Aliyepoa kiimani huhamia kwenye starehe zake na anazifurahia. Ya pili, moyo unahangaika, unaogopa kwamba humtumikii Mungu, unarudi nyuma. Ya tatu, huwezi tena kutafakari kwa kuwaza na kujenga picha kama zamani, hata ukijilazimisha.

Nilisoma ujumbe wako tena nikiwa na kitabu kando. Uliandika: "Naogopa nimemwacha Mungu bila kujua." Agatha, aliyemwacha Mungu haandiki sentensi hiyo.

Lakini Yohane anatahadharisha pia kwamba hali hii inaweza kuchanganyikana na ugonjwa wa huzuni, ambao nyakati zile waliuita melankolia. Kwa hiyo nakuomba kwa dhati, nenda hospitali pia. Umemhudumia mama tangu apate kiharusi, unaamka usiku kumgeuza, alfajiri Misa, halafu kazini. Hulali! Halafu mtu anakuambia ufunge kavu siku tatu? Teresa anasimulia habari za mtu mmoja aliyekuwa akizimia saa nane nzima, akiamini ananyakuliwa kwa Mungu. Hata muungamishi wake na wengine walidanganyika. Teresa aliona ni mwili uliochoka kwa kufunga chakula na mateso ya kujitakia. Dawa iliyomponya ni kulala, kula na kupunguza toba. Ikaisha. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kwa furaha, nikakuwaza wewe. Kula, tafadhali. Mwambie mdogo wako ashike zamu mbili tatu za usiku, asijifanye hasikii simu.

Sasa hili la kwamba mistiki si ya Kikristo. Nimelirudia kichwani wiki nzima. Paulo mwenyewe katika Wakorintho wa Pili, sura ya 12, anasimulia habari za mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na alikuwa ameikalia kimya habari hiyo yapata miaka kumi na minne. Akimaliza anazungumzia mwiba, na jibu la Bwana, "Neema yangu yakutosha." Eliya pangoni hakumkuta Mungu katika upepo wala tetemeko wala moto, ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Na waliotufundisha kukaa kimya mbele za Mungu kwa mpango walikuwa hapa hapa Afrika, jangwani Misri, wamonaki akina Antoni, karne ya nne. Hakuna haja ya kwenda India kutafuta chanzo.

Isitoshe, hao wana-taamuli wenyewe ndio walioonya sana juu ya maajabu. Yohane anasema hata njozi ikiwa kweli ya Mungu, usiing'ang'anie, kwa sababu Mungu amekwisha kusema yote katika Mwanae. Anayetaka ufunuo mwingine ni kama haoni Kristo anamtosha. Mimi naona hapo ndipo mahali pa mistiki katika Ukristo: ndani kabisa ya ubatizo, Neno na Ekaristi, katika kumpenda Mungu kwa ajili yake mwenyewe hata pale ambapo hakupi hisia yoyote. Vikundi vyetu vinapima uwepo wa Roho kwa machozi na kuanguka. Sivikatai, nimeimba humo na nimepata faraja. Lakini mtu akikosa machozi tunamwambia ana laana, na hilo ni dhuluma, nalisema wazi.

Kuna mfano wa Teresa wa kumwagilia bustani. Mwanzoni unachota kisimani kwa ndoo, mikono inauma. Baadaye kuna gurudumu la kuvuta maji, kisha mfereji, mwisho mvua ya Mungu inanyesha bila jasho lako. Na wakati mwingine, anasema, kisima chenyewe ni kikavu. Hapo mtunza bustani afanye nini? Aendelee kushusha ndoo, maana bustani ni ya Bwana, na Bwana anaona.

Na kipimo chake cha sala nimekiandika nyuma ya kadi ya kumbukumbu ya baba: mapendo kwa jirani. Anawaambia masista wake kwamba wakiona mgonjwa wa kuhudumiwa waache ibada yao bila wasiwasi, wakamhudumie. Katika kitabu chake kinachofananisha roho na ngome yenye makao saba, akifika makao ya saba, ya juu kabisa, anasema Martha na Maria lazima waende pamoja, na kwamba sala lengo lake ni kuzaa matendo. Wewe unasema sala yako imekufa. Nani anamgeuza mama saa nane usiku? Nani anamlisha uji kijiko kwa kijiko akiwa ametukanwa naye? Unafanya hayo bila kusikia utamu wowote na bado unafanya. Sijui nikuambie mara ngapi.

Koleta: amepata uhamisho, Mbinga. Ameshukuru, ila analalamika baridi. Mengine atakusimulia mwenyewe, nimekatazwa.

Sasa nijibu, na nijibu yote. Je, ule ukavu ulianza kabla ya mama kuugua au baada? Unalala saa ngapi kwa kweli? Paroko wenu anajua? Kama unaona aibu kumwambia, yule padre mzee aliyetuongoza mafungo yupo bado Peramiho, nimuulize kama anaweza kukupigia? Usiku huwa unasali nini, au umeacha kabisa? Zaburi ya 63 unaiweza, hata mstari wa kwanza tu? Dada wa kikundi amekuomba sadaka yoyote kwa ajili ya Jumamosi? Na je, ukiniambia nije, nije? Basi la asubuhi lipo, na Mama Anita amekubali kubaki na watoto.

Nipigie Ijumaa kabla ya saa mbili usiku, baadaye mtandao unasumbua.

Ndimi rafiki yako,
Skola