Barua kwa Shija: ile diski ya Symbian

Mbezi, Dar es Salaam

Ndugu yangu Shija,

Salamu nazikata fupi. Watoto hawajambo, mguu wa mama Zai umepoa, Hamadi bado anadai uliondoka na bisibisi zake. Kimya changu najua kimekukera, utanisema tukionana. Leo nina shida.

Ile diski ya nje nyeusi uliyohamia nayo Mwanza, ipo? Usiniambie umeijaza miziki ya harusi. Mle ndani kuna msimbo wote wa Symbian, ule mfumo uliokuwa ukiendesha simu za Nokia, ule uliokuwa ukiushusha usiku maabara ya chuo mimi nikikucheka. Naitaka.

Chanzo ni Juma wa dada. Yuko chuo, anasoma kompyuta, na huyo mtoto akishika jambo haliachi. Kaikuta Nokia N73 yangu ya zamani kwenye droo, akauliza inaendeshwa na nini, nikamwambia, nikaongeza kwamba Nokia waliuachia mfumo huo bure kwa dunia nzima. Hapo ndipo nilipojichongea. Kila jioni ananiuliza: kama kila mtu aliruhusiwa kuuchukua, mbona umekufa?

Nimemweleza ya 2008, Nokia walivyonunua hisa za wenzao kwenye kampuni ya Symbian kule London, kisha taasisi ya kuusimamia mfumo ikaundwa, wamo Sony Ericsson, Motorola, Samsung na mitandao mikubwa ya simu. Tarehe 4 Februari 2010 vifurushi vyote 108 vya msimbo vikawekwa wazi chini ya leseni huria ya Eclipse, wakati mfumo wenyewe ulishaingia kwenye simu zaidi ya milioni 330. Juma akaguna. Yeye alidhani Android ndiyo iliyoanza dunia. (Kweli Google waliachia msimbo wao mapema zaidi, Oktoba 2008, lakini simu za Android kwenye maduka ya mtaa wa Aggrey ulikuwa ukizitafuta kwa tochi.)

Ila jibu langu kwake ni moja, na najua utabisha: walifungua msimbo, simu wakaiacha imefungwa. Unakumbuka mlivyohangaika, wewe na Kiwelu? Mlitaka simu ibashiri maneno ya Kiswahili mtu akiandika ujumbe. Kwenye emuleta, ile programu ya kompyuta inayoigiza simu, ikakubali, tukanywa soda. Kuipeleka kwenye simu yenyewe, cheti! Simu inakagua saini ya kidijitali kwenye programu, haioni saini ya mkubwa, inakataa. Sisi tuliozoea kurudisha tarehe nyuma ili programu yenye cheti kilichokwisha muda iingie, tulidhani huo mchezo umekwisha sasa mambo yako wazi. Wapi. Programu ndogo uliweza kuipenyeza kwa ujanja, lakini mfumo mzima uliourekebisha mwenyewe, simu ya dukani haikuukubali. Na kompaila yenyewe iliyotakiwa, ile programu ya kugeuza msimbo uelewe na simu, haikuwa huria, ilikuwa mali ya kampuni ya ARM. Kiwelu alisema tumepewa shamba, jembe limebaki kwa mwenye shamba. Sijamsikia akisema jambo la maana zaidi tangu hapo.

Wewe ulikuwa ukisema wamechelewa tu. Sawa, walichelewa. Mwaka haukwisha Samsung na Sony Ericsson wakajitoa, na Desemba 17 tovuti za taasisi zikazimwa, anayetaka nakala aombe apelekewe kwenye diski. Februari 2011 Elop, mkuu wa Nokia, akatangaza ubia na Microsoft, simu zao zitumie mfumo wa Windows. Baada ya hapo Nokia wakaweka msimbo mwingine kwa leseni yao wenyewe, na wakasema bila kificho kwamba huo si wa programu huria, ni wa wabia wa biashara. Mimi hilo ndilo linalonikera kuliko kifo chenyewe. Mfumo ukifa umekufa, lakini kurudi kufunga mlango...

Hata hivyo walichotoa chini ya Eclipse hakirudishwi. Aliyekwisha kuchukua kachukua, anaruhusiwa kukinakili, kukibadili, kumpa mwingine. Ndiyo maana naililia diski yako. Na usinianze kwamba nakala zipo mtandaoni, Juma keshazipata. Ninachotaka ni yale marekebisho yenu, ile orodha ya maneno ya Kiswahili mliyoikusanya, na madaftari ya Kiwelu kama uliyaskani. Hayo hayako kokote. Juma anataka kuiona ile kazi ikitembea kwenye emuleta, na mimi nataka aone kwamba wajomba zake hawakuwa wanacheza karata tu.

Iweke kwenye basi la usiku, nitaipokea stendi ya Magufuli, nauli ya mzigo juu yangu. Ifunge vizuri kwa taulo. Sato wakae mfuko mwingine, tafadhali, mara ile shati langu lilinuka mpaka Idd.

Sasa niambie. Diski inawaka au imeshagoma? Una waya wake, ule wenye kichwa kipana? Yale maneno mliishia herufi gani, au mlimaliza? Na hawa Huawei, waliokabidhi msingi wa mfumo wao wa HarmonyOS kwa OpenAtom Foundation, taasisi ya programu huria ya China, mwaka 2020, unaona simu zao mtu ataweza kuweka mfumo wake, au ni yaleyale ya cheti? Juma ananiuliza, sina jibu. Shemeji anaendeleaje na duka? Na Kiwelu unaye kwenye simu? Namba niliyo nayo inapokelewa na mama mmoja wa Singida, mkarimu sana, lakini Kiwelu hamjui.

Ndugu yako,
Ramadhani