Kijana aliyekula mbegu za datura: tuwashawishije ndugu waanzie zahanati?

Daktari, salaam kutoka Nachingwea. Tunaomba ushauri kuhusu vijana wanaokula mbegu za datura, ule mmea wenye ua jeupe refu na tunda la miiba unaojiotea majalalani na kando ya mashamba.

Dalili zake hazina utata. Mbegu zina sumu za atropini na skopolamini. Ndani ya saa moja hivi mdomo unakauka, mboni zinapanuka, ngozi inakuwa ya moto bila jasho, moyo unakimbia, mkojo unaziba. Kisha akili inavurugika. Aliyetumia LSD, dawa ya kulevya inayoleta njozi, mara nyingi anajua kwamba anachokiona kimeletwa na dawa; wa datura hajui. Anaongea na mtu asiyekuwepo na kumsubiri amjibu, anavuta sigara ambayo hanayo mkononi. Hali hiyo huchukua siku moja au mbili, pengine zaidi. Wala hakuna kipimo cha salama, maana sumu hutofautiana mmea na mmea. Karamoja, Uganda, mwaka 2019, unga wa lishe ulioingiwa na sumu hiyo ulifanya watu karibu 300 waugue, watano wakafa.

Shida yetu ni ndugu. Wanasema amepandisha jini. Wanamfunga kamba, wanamfunika shuka na kumfukiza. Asiyetoa jasho ukimfukiza, joto linapanda, na akipigana na kamba linapanda zaidi. Degedege huanzia hapo. Akifika kwetu, muda wa kumpa mkaa wa dawa, unaonasa sumu tumboni, umeshapita. Tunabaki na kumpoza kwa maji, dripu, mpira wa mkojo na diazepamu ya kumtuliza, huku tukipima malaria na sukari, maana navyo huvuruga akili. Klopromazini, ambayo wengi huikimbilia mgonjwa akiwa mkali, tunaiepuka: inaongeza tatizo lilelile.

Tukisema "si jini, ni sumu", wazee wanaona tumewadharau, na wengine wanaondoka na mgonjwa wao. Tumefikiria kuwaomba waganga jambo moja tu: kabla ya kufukiza, waguse ngozi na kutazama mboni. Ngozi ikiwa kavu na ya moto, mboni zikiwa pana, aletwe zahanati usiku huohuo. Mengine yasubiri apate nafuu.

Je, kwa kusema hivyo tutakuwa tumekubali kwamba ni mashetani? Tuanze na nani: mganga, mwenyekiti wa kijiji, au mama wa kijana? Na wenzake waliokula naye, wanaoogopa polisi, tuwaulizeje ili waseme kweli mapema?

Wahudumu wa zahanati,
Nachingwea, Lindi