Malalamiko kuhusu saa mlizozindua Kisumu na jinsi mlivyomtendea mzee wetu

Kikundi cha wakusanyaji wa saa,
Kisumu.

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Nairobi.

KUH: SAA ZISIZOLINGANA NA TANGAZO, DHAMANA ILIYOLIWA KABLA YA MAUZO, NA DHARAU MBELE YA WATU

Bwana Meneja,

Tunakusalimu kwa heshima. Kanuni zenu za mauzo mnazijua, na karatasi ya sifa za saa hii mliichapa wenyewe, kwa hivyo hatutawasomea. Tunaandika kwa sababu ya saa mlizotukabidhi hapa Kisumu, na zaidi kwa sababu ya yale mzee wetu aliyotendewa mezani penu.

Mzee huyo alikuwa amelipa bei yote, shilingi 780,000. Aliomba mambo mawili tu: saa iwekwe kwenye mashine ya kupima mwendo kabla hajatia sahihi, na aonyeshwe tarehe iliyo kwenye kadi ya dhamana. Afisa wenu wa mauzo aliichukua ile saa kutoka mikononi mwake, akaifungia kisandukuni, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Mzee, hii si saa ya sokoni Kibuye. Kama huna imani, wako wengi wanaoingoja." Ukumbi ukageuka kumtazama. Wako waliocheka.

Mashine ilikuwa hapo hapo mezani, imewashwa. Kuipima saa katika mkao mmoja huchukua nusu dakika hivi. Hata ukipima mikao mitano, yaani uso juu, uso chini, kifundo (kile kidude cha pembeni cha kutilia ufunguo) juu, kifundo chini na kifundo kushoto, ukaacha mtambo utulie kidogo kila unapogeuza, dakika kumi zinatosha. Hakuna duka la saa za bei hiyo linaloweza kusema halina dakika kumi.

Sasa tunaelewa kwa nini hamkutaka saa ipimwe.

Tangazo lenu lilisema mtambo una cheti cha COSC, shirika la Uswisi linalothibitisha usahihi wa mitambo ya saa. Kila anayekusanya saa anajua maana yake: kwa wastani wa siku saa isichelewe zaidi ya sekunde 4 wala isikimbie zaidi ya sekunde 6. Saa za wanachama wetu zilipofika kwa fundi tunayemwamini, zikiwa zimetiwa ufunguo mpaka mwisho, moja ilikuwa ikikimbia sekunde 14 uso juu na kuchelewa sekunde 11 kifundo kikiwa chini. Tofauti ya sekunde 25 kati ya mikao miwili si jambo la "saa mpya itatulia yenyewe", kama alivyotujibu mhudumu wenu kwa simu. Gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kuongoza mwendo wa saa, lilikuwa likizunguka nyuzi 215, na mtambo wenye afya uliojaa ufunguo tunatarajia uzunguke kati ya 270 na 310 hivi ukiwa umelala. Ukiona 215 kwenye saa mpya, ama mafuta yamekauka kwa kukaa ghalani, ama yaliwekwa vibaya, ama kuna uchafu kwenye magurudumu. Tofauti ya muda kati ya tiki na taka, yaani milio miwili ya mizani ikienda na kurudi, ilikuwa milisekunde 1.8. Mafundi hutaka isizidi 0.5, na ikivuka 1 wanaanza kuuliza maswali.

Saa nyingine ilikuwa imeshika sumaku, na hilo tulilitambua kwa dira ya kawaida: sindano iliyumba saa iliposogezwa. Springi ya mizani ikishika sumaku mizunguko yake hushikana, inakuwa kama imekatwa ikafupishwa, na saa hukimbia. Kuitoa sumaku ni kazi ya sekunde chache kwa kifaa cha bei ndogo. Kwamba hamkuifanya kabla ya kumkabidhi mtu saa ya laki saba na themanini kunaonyesha hamkuikagua hata moja.

Tangazo lilisema pia kwamba mtambo ukijaa utatembea saa 70. Uliosimama mapema zaidi ulisimama baada ya saa 52. Jaribio hili si gumu: tia ufunguo takriban mizunguko 40, laza saa uso juu, andika muda, usiiguse. Mtu akitoa saa mkononi Ijumaa jioni, saa 70 zinamfikisha Jumatatu alasiri bila kuirekebisha. Saa 52 zinaishia Jumapili usiku. Ndiyo sababu watu walivutiwa na namba hiyo, na ndiyo sababu mliiandika kwa herufi kubwa.

Bwana Meneja, mkusanyaji hangojei toleo jipya kwa ajili ya rangi ya uso pekee. Anasoma namba. Tudor ilipotoa Black Bay Fifty-Eight mwaka 2018, kilichowafurahisha watu ni kipenyo cha milimita 39 baada ya miaka ya kuvaa 41, pamoja na mtambo unaotembea saa 70 na uwezo wa kuhimili maji hadi mita 200. Omega ilipobadilisha mtambo wa Speedmaster mwaka 2021, ilileta kipimo kigumu kuliko COSC: saa isichelewe hata sekunde moja kwa siku, isikimbie zaidi ya 5, na ihimili sumaku ya gausi 15,000. Rolex ilipoikuza Submariner kutoka milimita 40 hadi 41 mwaka 2020, wakusanyaji walibishana kwa miezi kwa sababu ya milimita hiyo moja. Watu wa namna hii ndio wateja wenu. Milimita tunaziona.

Basi mliandika unene wa milimita 11.9. Tumepima 13.1. Mliandika nafasi ya mkanda milimita 20, tukakuta 21. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa asiyevaa saa, lakini mkanda wa 20 katika nafasi ya 21 hucheza na kuacha pengo kila upande, na mkanda wa 22 hauingii bila kubanwa na kukunjika. Mikanda ya 20 na 22 ndiyo iliyojaa madukani. Ya 21 ni ya kuagiza. Kuna waliokuwa wamenunua mikanda ya ngozi mapema kwa kuamini karatasi yenu.

Kifungo cha mkanda wa chuma ndicho kinachotuuma zaidi sisi wa huku ziwani. Mliahidi kifungo kinachorefushwa kwa kidole bila kifaa. Kisumu asubuhi mkono ni mmoja, saa nane mchana ni mwingine, umevimba kwa joto. Milimita nne au tano za kulegeza papo hapo ndizo zinazotenganisha saa inayovalika kutwa na ile inayotiwa mfukoni. Saa zilizoletwa zina kifungo cha kawaida chenye matundu matatu ya kusogeza kwa ncha ya kifaa. Mlibadilisha sehemu bila kumwambia mtu.

Na mlipopunguza pingili mezani, mliharibu skrubu. Skrubu za mkanda huo zimewekwa gundi ya kuzuia kulegea. Lazima kwanza uzipashe joto kwa hewa ya moto ili gundi ilegee, kisha utumie bisibisi yenye ncha inayojaa mfereji wote wa skrubu, mkanda ukiwa umeshikwa sawasawa kwenye kishikio. Kijana wenu alitumia bisibisi nyembamba, bila joto, mkanda ukiwa umelala juu ya kitambaa. Bisibisi ikateleza, mifereji ikalika, na pingili mbili zikachorwa. Mwenye saa alipoonyesha mikwaruzo aliambiwa mkanda wa chuma hukwaruzika tu.

Duara la kuzungushwa lina milio 120, kila mlio nusu dakika. Kwenye baadhi ya saa alama ya juu haikai sawa na alama ya namba 12 usoni, bali katikati ya milio. Katika saa mnayoiita ya wapiga mbizi, hiyo ndiyo alama ya kuhesabia muda ambao mpiga mbizi amekaa chini ya maji. Saa inayodai kufuata ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, inatakiwa ipimwe kwa shinikizo la asilimia 125 ya kina kilichoandikwa. Imeandikwa mita 200, basi ipimwe kama mita 250. Tuliomba karatasi ya jaribio hilo. Hatukuipata. Fundi akafanya lile la ukungu: akaipasha saa hadi kati ya nyuzi 40 na 45, akadondosha maji baridi kidogo juu ya kioo, akangoja dakika moja, akapangusa. Kwenye saa moja ukungu ulibaki upande wa ndani. Maana yake unyevu umeshaingia. Hapa petu hewa ya ziwa ina unyevu mwaka mzima, na mtambo wa namna hiyo utashika kutu kabla dhamana haijaisha.

Dhamana yenyewe! Kadi aliyoiomba mzee tuliiona baadaye. Ilikuwa imewashwa miezi minne kabla ya siku aliyoilipia. Dhamana ni ya miaka mitano tangu kuuzwa. Je, iliuzwa kwa nani miezi minne iliyopita? Tunauliza kwa uzito, kwa sababu karatasi ya kulinda kifuniko cha nyuma ilikuwa imebanduliwa na kurudishwa, na vumbi lilikuwa limenaswa chini yake.

Turudi kwenye lile la mzee, kwa sababu haliwezi kupitwa kwa mistari minne. Alisimama kwa adabu. Alisema, "Naomba uniwekee kwenye mashine, kijana wangu, halafu nione kadi." Hakuinua sauti. Afisa wenu hakujibu ombi. Alinyosha mkono, akavuta saa ilhali vidole vya mzee vingali juu yake, kisanduku kikafungwa kwa kishindo, na neno la Kibuye likatamkwa mbele ya wake kwa waume waliotoka Nakuru na Kakamega kuja kuona toleo jipya. Kibuye ni soko letu, watu wake ni jamaa zetu, na hakuna aibu kununua kitu Kibuye. Muuzaji wa Kibuye hukuacha ugeuze bidhaa, uijaribu, uirudishe, ndipo ulipe. Ninyi mlikuwa mmeshapokea pesa zote. Kisha mzee akaambiwa atie sahihi kwanza kwamba ameridhika, ndipo apewe kisanduku chake. Akatia. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Meneja wenu wa tawi alikuwa hatua chache tu, akiangalia, na hakusema neno.

Sahihi hiyo haina uzito. Hakuna mtu anayeridhika na kitu alichonyimwa kukikagua.

Kuhusu amana, waliolipa nusu, yaani 390,000, kwa M-Pesa walilazimika kugawa mara mbili kwa kuwa muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000. Stakabadhi zenu kadhaa zinaonyesha muamala wa kwanza tu. Jumbe zote mbili za kuthibitisha tunazo. Isitoshe, kabla ya uzinduzi baadhi ya wanachama waliambiwa kwamba nafasi yao kwenye orodha "ingesaidiwa" wakinunua kwanza mkufu au saa ya ukutani. Kama kanuni yenu ni kwamba toleo jipya hupewa aliyetangulia kulipa amana, isimamieni. Kama ni nyingine, iandikeni wazi watu waamue kabla ya kutoa pesa.

Tulipokaa kuandika barua hii tulikubaliana kudai mambo haya: barua ya kuomba radhi kwa mzee, yenye jina na sahihi yako; saa zote zirekebishwe mwendo katika mikao mitano, zipimwe maji, na kila mmoja apewe karatasi ya vipimo vya saa yake; vifungo vilivyoahidiwa viletwe; pingili zilizoharibiwa zibadilishwe; kadi za dhamana zianze upya. Kazi hii ifanywe kwa gharama yenu, saa zichukuliwe na kurudishwa Kisumu zikiwa na bima, maana hatutazipeleka Nairobi mikononi mwetu.

Lakini tumeyaandika haya yote na kuyasoma tena, na marekebisho peke yake hayatoshi. Saa iliyoingia unyevu na ile yenye kadi ya zamani hatuzitaki hata zikirekebishwa. Warudishiwe wenyewe pesa zote, shilingi 780,000 kila mmoja, kwa njia ya benki. Yeyote mwingine anayetaka kurudisha saa kwa sababu ya unene, mkanda au kifungo naye arudishiwe, kwani alichouziwa sicho kilichotangazwa. Na radhi ya mzee isiwe ya barua tu. Afisa yule na meneja wa tawi waje Kisumu, waiseme mbele ya watu, kwa sauti ile ile.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Kifungu cha 46 cha Katiba kinatupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na taarifa za kweli kuzihusu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kudai kwamba bidhaa ina sifa isizo nazo. Siku hizo zikipita, nakala ya barua hii pamoja na picha, vipimo vya mashine na jumbe za M-Pesa itafika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kila mwanachama atafungua dai lake katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Bei yenu inaingia humo. Nakala nyingine itatumwa kwa mtengenezaji huko Uswisi, ikiwa na namba za saa zilizochongwa nyuma, ili aeleze kadi za miezi minne zilitoka wapi.

Waliokwisha kulipa amana ya toleo lenu lijalo, hapa Kisumu na kwa wenzetu wa Nakuru na Eldoret, wameshaambiwa wasiongeze hata shilingi, na barua zao za kudai amana hizo zitawafikia pamoja na hii.

Wako,

Katibu,
kwa niaba ya wakusanyaji wa saa, Kisumu.

Viambatisho: vipimo vya mashine ya mwendo, picha za skrubu na pingili, picha za kadi za dhamana, nakala za stakabadhi na jumbe za malipo.