Asante, mama uliyetuuliza swali Tononoka, Mombasa

Mama, jina lako hatukulipata, ila shukrani zetu lazima zikufikie. Sisi ni wale ambao kazi yetu ni kusaidia kampuni kubadilisha utendaji wake. Kikao chetu ni cha miaka mingi na hakina bosi. Kila mmoja huleta lililomshinda, wenzake wakamsaidia kulifikiria.

Siku ile tulikuwa tukijadili hali ya makarani wa klaringi, wanaoshughulikia hati za kutoa mizigo bandarini, tangu treni za mizigo za SGR (reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi) zianze kubeba makontena mwaka 2018 na kazi nyingi kufuata mizigo Nairobi. Tulizungumza sana juu ya mafunzo na mifumo mipya. Ukainua mkono, ukauliza kwa upole: hao makarani, nani amewaambia kazi ipi inaisha, na lini? Ukatueleza jinsi mtu anavyoikataa kompyuta kumbe anachohofia ni karo ya watoto. Hatua 3 za mabadiliko za mwanasaikolojia Kurt Lewin (kulegeza mazoea ya zamani, kubadilisha, kisha kuimarisha mapya), tunazozitaja kila mara, hazijawahi kutufunulia hilo waziwazi hivyo.

Sasa kila anayeleta jambo huulizwa swali lako kwanza. Mwenyezi Mungu akujaze kheri. Ukipata nafasi njoo tena, tafadhali. Suala la wafanyakazi waliokaribia kustaafu bado linatutatiza.