Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na habari za mchana.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana kila mwezi isipokuwa Ramadhani, tukatembelea skuli mbili, na kumbukumbu zote anazo katibu. Sitawachosha.

Nizungumzie jambo lililoleta maneno mpaka baadhi yetu tukaacha kuamkiana: fedha za matembezi ya kisiwa cha Wasini kununuliwa hadubini, na mwaka mzima kupewa mada moja, mipaka ya kromatini (DNA pamoja na protini inazojizungushia) kwa wadudu kama nzi. Fikra ilikuwa yangu, kamati ikaipitisha. Hadubini ni shilingi 28,000. Akiba ya matembezi ilikuwa 19,000, na zilizobaki nilizitoa mfukoni mwangu.

Niliulizwa, "Nzi wanatuhusu nini?" Nimejibu mara nyingi, najibu tena. Jeni huamshwa na vichocheo, yaani vipande vya DNA vya kuiwasha, na vingine viko mbali nayo kwenye uzi uleule wa DNA. Kichocheo kikiachwa huru huweza kuamsha jeni ya jirani isiyo yake. Ndipo vinapoingia vipande vya mpakani, vinavyoshikwa na protini maalumu. Vikikaa katikati, hukata mawasiliano kati ya kichocheo na jeni, na vingine huzuia kromatini iliyojibana isienee ikazima jeni zilizo macho. Ni mimi niliyependekeza tuviite viambaza, maana aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa anajua redio ya jirani inavyosikika pasipo kiambaza.

Mtaalamu wa jeni Muller alionyesha mwaka 1930 kwamba jeni ya macho mekundu ya nzi wa matunda, ikihamia karibu na kromatini iliyojibana, huacha jicho na madoa mekundu na meupe. Mwaka 1991 watafiti Kellum na Schedl waliizungushia jeni hiyo viambaza vya nzi viitwavyo scs, na popote ilipopachikwa ikafanya kazi yake bila kuyumbishwa na majirani. Kweli, waliosema neno langu "kiambaza" halitoshi wana haki kidogo: mwaka 2001 ilionekana kwamba viambaza viwili vya gypsy (kipande cha DNA ya nzi kinachohamahama) vikifuatana kati ya kichocheo na jeni, kichocheo hupenya. Lakini neno bora bado sijaletewa.

Jumamosi moja tulikuwa watano. Nzi tuliwakamata kwenye ndizi mbivu za soko la Kongowea, tukawapoza kwa barafu mpaka wakalala, tukahesabu pingili za tumbo. Dume ana ncha nyeusi, pingili ya tano na ya sita. Nikawaeleza habari za Fab-7. Kiambaza hicho kikiondolewa, maagizo ya pingili ya sita huchanganyika na ya saba, na ya sita hujijenga kama ya saba. Na kwa kuwa dume mzima hana pingili ya saba, ya sita nayo haionekani. Kipande kifupi cha DNA kimetoka, pingili nzima imekwenda nacho! Mwalimu wetu mmoja mstaafu hakuliondoa jicho kwenye hadubini mpaka adhana ya alasiri. Niambieni kama hayo ni hasara.

Linaloniuma ni kwamba tulikuwa watano. Daftarini tuko 34, na mkutano wa Septemba ulikuwa na watu 6, nikiwemo mimi na katibu. Ada ni shilingi 1,200. Waliolipa ni 13, yaani 15,600 kati ya 40,800. Benki tuna 6,350. Na wapo waliolia sana kuhusu Wasini ambao risiti yao ya mwisho ni ya mwaka juzi. Majina sitayataja, wao wenyewe wanajijua.

Mwaka ujao, inshallah, natamani tuingie kwa mbu. Protini ya CTCF, inayoshika mipaka kwa nzi na kwa sisi binadamu, imo pia kwa Anopheles, mbu wa malaria, na mji wetu haukosi mbu. Tukijaaliwa tutampata mhadhiri wa kutuongoza. Wasini nako tutakwenda, fedha zikipatikana.

Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti.